Cheti Kilichozaliwa na Saraka

Mei 1978 kijana mmoja aitwaye Loren Kohnfelder, mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika chuo cha MIT nchini Marekani, aliwasilisha tasnifu ya kumalizia masomo yake. Msimamizi wake alikuwa Leonard Adleman, mmoja wa wanahisabati watatu ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wamevumbua njia ya kusimba ujumbe inayoitwa RSA, kwa herufi za kwanza za majina yao: Rivest, Shamir na Adleman. Katika tasnifu hiyo Kohnfelder alipendekeza kitu kidogo: faili fupi lenye jina la mtu, ufunguo wake, na saini ya anayemthibitisha. Akakiita cheti.

Leo vyeti vya namna hiyo vimo katika tovuti za benki, katika programu za simu za kutuma fedha, na katika kompyuta za ofisi kuanzia wizarani hadi shuleni. Kinachosahaulika ni kwamba vilitokana na tatizo la daftari la majina, yaani saraka. Na kisa chenyewe kina uchungu wake. Saraka ilipokuja kujengwa kweli na kuenea, ilikiacha cheti nyuma. Ikaenda miaka mingi ikipitisha maneno ya siri ya watu mtandaoni yakiwa wazi kabisa, mpaka ikalazimika kurudi kukitafuta.

Kabla ya 1976, watu wawili waliotaka kuandikiana kwa siri ilibidi kwanza wapeane ufunguo kwa njia ya kuaminika: wakutane ana kwa ana, au wamtume tarishi. Kwa majeshi na balozi hilo liliwezekana. Kwa watu milioni wasiojuana halikuwezekana. Novemba mwaka huo Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha makala iliyoondoa sharti hilo. Kila mtu, walisema, awe na funguo mbili zinazokwenda pamoja: mmoja wa umma, ambao yeyote anaweza kuutumia kumsimbia ujumbe, na mmoja wa siri, unaobaki kwake na ambao ndio pekee unaoweza kuufumbua. (Wataalamu wa shirika la kijasusi la Uingereza, GCHQ, akina James Ellis na Clifford Cocks, walikuwa wamefika huko miaka michache kabla, lakini kazi yao ilifungiwa hadi Desemba 1997.) Ufunguo wa umma uwekwe wapi? Diffie na Hellman walijibu: katika daftari la wazi, pamoja na jina na anwani ya mwenyewe.

Hapo ndipo penye ugumu. Asha akitaka kumwandikia Juma, analiuliza daftari: ufunguo wa Juma ni upi? Jibu linarudi kwa njia ya mtandao. Mtu aliyekaa katikati ya njia akilibadilisha jibu hilo, akaweka ufunguo wake mwenyewe mahali pa ule wa Juma, Asha atausimba ujumbe kwa ustadi wote na kumkabidhi adui. Hisabati haijakosea popote. Kilichokosekana ni uhakika kwamba ufunguo ule ni wa Juma. Watu wa RSA walitaka daftari litie saini kila jibu linalotoa, na hilo lilimzuia mwongo wa katikati. Lakini bado kila anayetaka kuwasiliana na yeyote, popote alipo, angelazimika kwanza kuliuliza daftari moja la katikati, na siku daftari likizimika mawasiliano yote yamesimama.

Kohnfelder aliona jambo ambalo ukishaelezwa unajiuliza kwa nini wengine hawakuliona. Kama jibu la daftari limetiwa saini, haijalishi tena limepitia mikononi mwa nani. Juma anaweza kulichukua mara moja, akalitunza mwenyewe, akawa analionyesha kwa kila anayemhitaji. Ni sawa na barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa: ikishagongwa mhuri unaibeba mwenyewe hadi benki, na karani anautazama mhuri bila kumpigia simu mwenyekiti. Tasnifu ya mwanafunzi asiye na shahada hata moja ikawa imeliondolea daftari mzigo ambao lisingeweza kuubeba.

Miaka kumi baadaye wazo hilo liliingizwa katika mpango mkubwa kupita kiasi. CCITT, chombo cha kimataifa cha simu na telegrafu chenye makao Geneva, kwa kushirikiana na shirika la viwango la ISO, kilikuwa kinaandika kanuni za saraka moja ya dunia nzima. Kila mtu, kila ofisi na kila mashine ingepata nafasi yake katika mti mmoja mrefu: nchi kwanza, kisha taasisi, kisha idara, kisha jina. Kanuni hizo, X.500, zilipitishwa Melbourne, Australia, mwaka 1988. Miongoni mwake kulikuwa na sehemu iliyopewa namba X.509, inayoeleza jinsi saraka itakavyomtambua anayebisha hodi. Ilitaja njia mbili. Ya kwanza, iliyoitwa nyepesi, ni neno la siri. Ya pili, iliyoitwa imara, ni cheti. Kwa hiyo cheti cha X.509, kile kile kinacholinda tovuti hivi leo, kiliandikwa awali ili kulinda saraka.

Saraka moja ya dunia haikupata kujengwa, lakini alama zake zingalipo. Fungua cheti cha tovuti ya benki kubwa ukisome. Mara nyingi utakuta C= na herufi mbili za nchi, O= na jina la taasisi, CN= na jina la mashine. Hiyo ni anwani katika mti ule wa Melbourne. Mti wenyewe haukuwahi kuota.

X.500 iliangushwa na uzito wake. Itifaki ya kuongea na saraka ilidai mfumo mzima wa mawasiliano wa OSI, tabaka juu ya tabaka, na kompyuta za mezani za mwanzoni mwa miaka ya 1990, za DOS na za Macintosh, hazikuwa na kumbukumbu ya kubeba mzigo huo. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, Tim Howes na wenzake walitaka jambo la kawaida sana: mwanafunzi aweze kutafuta anwani ya barua pepe ya mwalimu wake kutoka kwenye mashine ndogo. Mwaka 1991 walitoa itifaki ya kwanza waliyoiita DIXIE. Kisha Howes akaungana na Wengyik Yeong wa kampuni ya Performance Systems International na Mwingereza Steve Kille, ambaye alikuwa amejenga saraka ya X.500 iitwayo QUIPU huko University College London. Julai 1993 hati yao ilitoka ikiwa na namba RFC 1487. Itifaki hiyo ndiyo LDAP, inayoendesha saraka za ofisi duniani hadi leo.

Ili LDAP iwe nyepesi walikata vingi. Itifaki ilipita moja kwa moja juu ya TCP, majina yakaandikwa kama maandishi ya kawaida, maagizo yakapungua. Na utambulisho imara wa X.509 nao ukakatwa. Mteja aliachiwa neno la siri, au mfumo wa utambulisho wa Kerberos, toleo la 4, kwa taasisi zilizokuwa nayo, na nyingi hazikuwa nayo. Siwezi kuwahukumu kwa ukali. Walikuwa wanajenga mahali pa kusoma namba za simu na anwani ambazo tayari zilikuwa za wazi, na kila kilobaiti waliyoiokoa iliwawezesha watu zaidi kuzisoma. Lakini yafaa kutazama kwa karibu kile kilichokuwa kinasafiri kwenye waya, kwa sababu kinasafiri hivyo hivyo hadi sasa mahali ambapo hakuna aliyerekebisha.

Tuseme mtumiaji cn=asha,dc=mfano anajitambulisha kwa seva kwa toleo la 3 la LDAP, na neno lake la siri ni mwembe7. Ombi zima lina baiti 37. Linaanza na 30 23, yaani hapa pana ujumbe wenye baiti 35 zinazofuata. Kisha 02 01 01, namba ya ombi. Kisha 60 1e, ambayo maana yake ni ombi la kujitambulisha. Kisha 02 01 03, toleo la itifaki. Kisha 04 10 na herufi kumi na sita za jina lake. Mwisho 80 07, ikifuatwa na 6d 77 65 6d 62 65 37. Baiti hizo saba ndizo mwembe7, herufi moja kwa baiti moja, bila pazia lolote. Anayezisoma hahitaji kuvunja kitu. Mwenye programu ya kunasa yanayopita, kama tcpdump, au Ethereal iliyotoka 1998 na baadaye kubadilishwa jina kuwa Wireshark, anaziona kwenye kioo cha kompyuta zimeshafasiriwa.

Na hatari hiyo ilikuwa inajulikana. Tarehe 3 Februari 1994, miezi saba tu baada ya RFC 1487, kituo cha dharura za kompyuta cha CERT huko Pittsburgh kilitoa tahadhari kwamba wavamizi walikuwa wakiingia kwenye mashine za Intaneti, wakiweka programu za kunasa yanayopita, na wakikusanya majina na maneno ya siri ya makumi ya maelfu ya mifumo. Walikuwa wananasa mawasiliano ya telnet, ftp na rlogin. LDAP ilikuwa bado changa mno kuwavutia, ila ilipeleka neno la siri kwa namna ile ile.

Kilichobadilisha mambo ni kazi mpya ambayo saraka ilipewa. Mwaka 1995 Michigan ilitoa slapd, seva ya LDAP iliyojitegemea bila X.500 nyuma yake. Mtu yeyote mwenye mashine ya Unix angeweza kuiendesha. Taasisi zikagundua kwamba badala ya kila programu kuwa na orodha yake ya watumiaji, zote zingeweza kuuliza saraka moja: huyu ni nani, na neno lake la siri ni sahihi? Barua pepe ikauliza hapo. Mifumo ya mishahara ikauliza hapo. Tangu siku hiyo, aliyenasa ombi moja la LDAP hakupata tena namba ya simu ya mwalimu. Alipata neno linalomwingiza mwenye jina kila mahali. Itifaki haikubadilika hata baiti moja. Thamani ya kilichokuwa ndani yake ndiyo iliyopanda.

Waandishi wenyewe walilijua hilo. RFC 1777, toleo la pili la LDAP lililotoka Machi 1995, inakiri waziwazi kwamba kinga iliyopo ni neno la siri lisilosimbwa au Kerberos 4, na kwamba njia nyingine zitakuja siku za usoni.

Wakati huo dawa ilikuwa inapikwa kwingine, kwa sababu nyingine kabisa. Kampuni ya Netscape, Mountain View, California, ilitaka watu wanunue vitu kwenye wavuti bila kuibiwa namba za kadi zao. Ikatunga itifaki ya usimbaji iitwayo SSL. Toleo la kwanza halikutolewa hadharani, la pili lilitoka 1995 na kuonekana lina kasoro, la tatu la 1996 ndilo lililosimama. SSL ilihitaji njia ya kumhakikishia mnunuzi kwamba seva ya duka kweli ni ya duka, na Netscape wakachukua kilichokuwa tayari kimeandikwa: cheti cha X.509. Hivyo ndivyo cheti cha saraka kilivyohamia dukani. Mwaka huo huo wa 1996 Tim Howes alihamia Netscape, kampuni ikaanza kuuza seva ya LDAP, na kwa mara ya kwanza SSL na saraka zikawa chini ya paa moja. Kwenye poti 636 ukazaliwa utaratibu uitwao LDAPS: kwanza mnaunganishwa kwa SSL, kisha ndipo LDAP inaanza kuongea ndani yake. Hakuna kamati iliyoupitisha kuwa kiwango rasmi. Ulienea kwa sababu ulifanya kazi.

Desemba 1997 ilitoka hati ya toleo la tatu la LDAP, RFC 2251. Ukiifungua, kabla hujafika kwenye maelezo ya kiufundi unakutana na tangazo la IESG, kamati inayoidhinisha viwango vya Intaneti. Kamati inasema itifaki hii inaruhusu kusoma na pia kubadilisha taarifa, kwamba kubadilisha kunahitaji utambulisho salama, na kwamba hati haimlazimishi mtu yeyote kutengeneza utambulisho unaoridhisha. Kisha, kwa herufi kubwa tupu, inawataka watengenezaji wasisambaze programu za LDAP zenye uwezo wa kubadilisha taarifa mpaka suala hilo litatuliwe. Ni nadra kamati kupitisha kitu na kuwaasa watu wasikitumie katika ukurasa mmoja. Watengenezaji hawakungoja. Biashara ilikuwa imeshapamba moto, na programu zilienda sokoni hivyo hivyo.

Utatuzi ulichukua karibu miaka miwili na nusu, na sababu mojawapo haikuwa ya kiufundi. Serikali ya Marekani iliuweka usimbaji katika kundi la bidhaa zinazohitaji kibali kuuzwa nje, na programu zilizovuka mpaka zilikuwa na funguo zilizopunguzwa hadi biti 40. Agosti 1995 Mfaransa Damien Doligez alitumia kompyuta nyingi kwa pamoja kujaribu funguo moja baada ya nyingine, na baada ya siku 8 akaufumbua ujumbe uliosimbwa na toleo hilo la nje la Netscape. Kwa sisi wengine duniani, hiyo ndiyo kinga tuliyouziwa. Mwaka huo huo, huko Queensland, Australia, Eric Young na Tim Hudson waliandika SSLeay, maktaba huru ya SSL yenye funguo kamili, nje ya mkono wa sheria ya Marekani. Desemba 1998 mradi wa OpenSSL ulianzia hapo. Januari 2000 Marekani ililegeza masharti, na Septemba mwaka huo hataza ya RSA ikafikia mwisho. Watengenezaji wa programu huria waliokuwa wakizunguka vikwazo hivyo kwa miaka mingi sasa walikuwa huru.

Na kweli mwaka 2000 mambo yalikuja kwa pamoja. Februari, Microsoft ilitoa Windows 2000 ikiwa na Active Directory, saraka inayozungumza LDAP ambayo ingeingia katika ofisi nyingi kuliko nyingine yoyote. Mei, RFC 2829 na RFC 2830 zikaeleza hatimaye jinsi ya kumtambua mtumiaji kwa usalama na jinsi LDAP itakavyotumia TLS, mrithi wa SSL aliyesanifishwa Januari 1999. Agosti, mradi wa OpenLDAP ulioanzishwa na Kurt Zeilenga miaka miwili kabla, kutokana na programu ya Michigan, ukatoa toleo la 2.0 lenye TLS ndani. Cheti kilikuwa kimerejea kwenye saraka, miaka kumi na miwili baada ya Melbourne.

Njia iliyochaguliwa na RFC 2830 inaitwa StartTLS. Mteja anaunganishwa kwenye poti ya kawaida, 389, kisha anatuma ombi lenye namba ndefu, 1.3.6.1.4.1.1466.20037, lenye maana ya: tuanze kusimba. Seva inakubali, na inaonyesha cheti chake. Mteja anakagua mambo matatu. Je, saini ya cheti ni ya mamlaka ninayoiamini? Je, jina lililo ndani yake ndilo jina la seva niliyoitafuta? Je, muda wake haujaisha? Baada ya hapo seva inathibitisha kwamba inao ufunguo wa siri unaolingana na cheti, pande zote mbili zinapata ufunguo wa muda, na kuanzia hapo kila baiti imefichwa. Ndipo mwembe7 inaruhusiwa kusafiri. Au isisafiri kabisa: mteja naye anaweza kuonyesha cheti chake mwenyewe, seva ikasoma jina humo na kumpokea kwa utaratibu uitwao SASL EXTERNAL. Hapo hakuna neno la siri la kunaswa. Kwa mifumo inayoulizana yenyewe kwa yenyewe usiku na mchana, kwa maoni yangu, hakuna njia iliyo bora kuliko hiyo.

StartTLS ina udhaifu mmoja ambao umekuwa ukijadiliwa tangu mwanzo. Ombi la kwanza husafiri wazi. Mvamizi aliyekaa katikati anaweza kulijibu yeye, kwamba seva hii haijui kusimba, na mteja asiye na msimamo ataendelea na mazungumzo bila kinga. Kwa hiyo mteja lazima apangwe akatae kuendelea akinyimwa TLS. Kwa miaka mingi wakubwa wa viwango walipendelea StartTLS na kuiona poti 636 kuwa ya kizamani. Kwenye barua pepe fikra hiyo imegeuzwa: Januari 2018 RFC 8314 ilishauri poti zinazosimba tangu neno la kwanza. Kwa LDAP poti 636 haikufa, na wanaoitumia hawana cha kuonea haya.

Lakini madhara makubwa zaidi hayakutokana na uchaguzi wa poti. Yalitokana na uvivu wa kukagua cheti. Fundi anaweka seva mpya, anajaribu kuunganisha, anapata ujumbe wa kosa: cheti hakitambuliki, kwa sababu mamlaka iliyokitia saini ni ya ndani ya ofisi na mashine ya mteja haijaambiwa kuiamini. Dawa sahihi ni kunakili cheti cha mamlaka hiyo kwenye mashine ya mteja na kuielekeza programu ilipo. Ni kazi ya dakika chache. Dawa ya haraka ni mstari mmoja katika faili la ldap.conf: TLS_REQCERT never. Kosa linatoweka, kila mtu anaingia, na fundi anakwenda nyumbani. Mazungumzo bado yanasimbwa, lakini mteja sasa atasimba na yeyote yule, mwizi akiwemo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na wa Stanford walichunguza programu zisizo vivinjari na kukuta ukaguzi wa vyeti umevunjika katika nyingi kati ya zile walizozijaribu, zikiwemo za malipo. OpenLDAP yenyewe, bila kuguswa, hudai cheti sahihi. Neno never huandikwa na mkono wa mtu. Tumerudi kwa Asha na Juma wa 1976, ufunguo upo na hakuna aliyeuliza ni wa nani.

Hata mwenye kukagua anategemea mamlaka aliyoiamini. Mwaka 2011 mvamizi aliingia katika kampuni ya vyeti ya DigiNotar, huko Beverwijk nchini Uholanzi, na kujitolea vyeti bandia zaidi ya 500, kimojawapo cha google.com. Kilitumika kuwapeleleza watu nchini Iran. Uchunguzi uliofuata ulitaja anwani za IP zipatazo 300,000. Serikali ya Uholanzi ililazimika kuchukua usimamizi, vivinjari vikaifuta DigiNotar, na Septemba 20 mwaka huo kampuni ikatangazwa kufilisika. Kwa saraka ya ofisi funzo lilikuwa la moja kwa moja: hakuna sababu ya mteja wa ndani kuamini mamlaka zaidi ya mia za dunia. Mpe cheti cha mamlaka moja tu, ya kwenu, na uulinde ufunguo wake kwa bidii zote. Aprili 2014 likaja tatizo la Heartbleed, kasoro ndani ya OpenSSL yenyewe iliyomruhusu mtu wa nje kuvuta hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa kila ombi. Watu walizungumzia tovuti. Seva za LDAP zilizounganishwa na matoleo yale yale zilikuwa katika hatari ile ile, na kumbukumbu zao zilijaa maneno ya siri ya watu waliokuwa wakiingia kazini asubuhi hiyo.

Katika ulimwengu wa Microsoft hadithi ilikwenda pole pole zaidi. Active Directory ilitumia Kerberos kwa kazi zake nyingi, lakini ilipokea pia maombi ya LDAP yasiyosimbwa wala kutiwa saini, ili programu za zamani zisikwame. Julai 2017 ilibidi kuzibwa tundu ambalo mvamizi angeweza kulitumia kuchukua utambulisho wa msimamizi na kuupeleka kwa seva ya LDAP hata ndani ya TLS, kwa sababu hakuna kilichoufunga utambulisho ule na muunganisho ule. Agosti 2019 Microsoft ilitangaza kwamba saini na ufungamanisho huo vingekuwa lazima, kwanza ikataja Januari 2020, kisha Machi. Machi ilipofika, kampuni iliongeza kumbukumbu za ukaguzi na vitufe vya kuwasha kinga, lakini haikubadilisha hali ya kawaida. Wateja hawakuwa tayari. Ni kwa Windows Server 2025 ndipo saraka mpya zilianza kudai saini tangu zinapowekwa, miaka ishirini na saba baada ya tangazo lile la herufi kubwa.

Waliochelewesha si watu wa kompyuta za mezani. Ni vifaa vilivyosahauliwa: mashine ya kunakili na kuskani iliyo kwenye korido, inayotafuta anwani za barua pepe za wafanyakazi kwenye saraka kupitia poti 389, ikiwa na neno la siri lililohifadhiwa ndani yake tangu siku ilipofungwa. Ukurasa wake wa mipangilio mara nyingi bado una neno la siri la kiwandani. Mvamizi aliyeingia kwenye mtandao wa ofisi anafungua ukurasa huo, anabadilisha anwani ya seva ya LDAP kuwa ya kompyuta yake, na anabonyeza kitufe cha kujaribu muunganisho. Mashine inatii. Inamtumia baiti zilezile: 30, 60, jina, 80, na neno la siri. Mara kwa mara akaunti hiyo imepewa mamlaka makubwa kuliko inavyohitaji, kwa sababu aliyeifunga mashine alitaka tu ifanye kazi.

Anayeanza kusafisha leo ana pa kuanzia. Kidhibiti cha Active Directory huandika tukio namba 2887 kila baada ya saa 24 kikijumlisha maombi yasiyo salama, na kikiongezewa kiwango cha kumbukumbu huandika namba 2889, moja kwa kila ombi, pamoja na anwani ya IP ya aliyeomba na jina alilotumia. Kwenye OpenLDAP msimamizi anaweza kuweka sharti la security lenye kiwango cha chini cha usimbaji, na seva itakataa kila kisichofika hapo. Kabla ya kufunga njia isiyosimbwa anaichapa orodha ya anwani hizo, anamfuata mwenye kila anwani, anaweka cheti cha mamlaka, anahamia 636 au StartTLS, anabadilisha neno la siri lililokwisha kusafiri wazi, kisha anakwenda kwenye anwani inayofuata.